Pointi Alizonisomea Chelagat

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyeacha kazi ndiye sasa anayehitaji kujua ni saa ngapi. Nawashukuru. Lakini kabla keki haijaisha, mmoja wenu aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri kwa sababu nilikuwa na kikombe mkononi na watu walikuwa wakinivuta tupigwe picha. Aliuliza kwa nini kila mchoro ulioletwa mezani kwangu, hata wa mtu niliyemwamini, nilianza kwa kuangalia kimo cha kila pointi kabla ya kupima chochote. Nilisema ni mazoea tu. Jibu lenyewe ni refu na lina mtu ndani yake, kwa hivyo nimeona niliandike nikiwa huku Ndabibi, ambako hakuna anayeniharakisha isipokuwa ng'ombe.

Nilianza kuchora kwa mkono. Ofisi ya Bwana Jaswant ilikuwa orofa ya pili katikati ya mji wa Nakuru, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la ndugu yake, na ukipanda ngazi ulisikia harufu ya misumari mipya na rangi mpaka mlangoni. Bwana Jaswant alizaliwa Nakuru, baba yake vilevile, na alikuwa akiongea Kiswahili cha mji na Kikuyu cha kununulia viazi. Siku yangu ya kwanza nilikuja na kalamu zangu nikidhani nitaonyesha ufundi. Alinipa wembe.

"Kwanza ujue kufuta," aliniambia. "Kuchora kila mtu anajua. Kufuta wino bila kutoboa karatasi, hiyo ndiyo kazi."

Nilikwangua wino wa watu wengine kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Ndipo akaniruhusu kuchora mstari, tena wa ua, si wa nyumba.

Kompyuta zilipokuja alizichukia kwa adabu, kama mtu anavyomchukia mkwe, halafu akajifunza kuzitumia kutuzidi sisi sote. Ndiye aliyenipa onyo la kwanza. Alisema karatasi ilikuwa inatusaidia bila sisi kujua. Kwenye karatasi ardhi yote imelala. Kimo unakiandika tu pembeni kwa nambari, na ukiweka rula kati ya pointi mbili, unapata umbali wa mlalo, utake usitake. Kompyuta inakumbuka kila kitu. Ukiiletea pointi ya kilimani na pointi ya bondeni, inaziweka moja juu na nyingine chini, lakini wewe unaziangalia kutoka angani, na kutoka angani mstari unaopanda na mstari uliolala hauna tofauti. Ukiiuliza umbali, inakupimia moja kwa moja kutoka ncha hadi ncha, jinsi ndege angeruka. Nilimsikia, nikaitikia kwa kichwa, nikaendelea na kazi. Onyo ambalo halijakugusa huwa linapita.

Chelagat aliajiriwa mapema mwaka wa 2007. Alikuwa mpima ardhi, mwanamke wa kwanza katika ofisi yetu, na alikuja na gambuti zake mwenyewe, ambazo alizivua mlangoni akazisimamisha juu ya gazeti la jana. Mimi nilikuwa mtu wa makamo, mke wangu alikuwa amefariki miaka kadhaa kabla, na watoto wangu wawili walikuwa kwa mama yangu huku Ndabibi. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Rhonda. Yeye alikuwa na binti mmoja shule ya bweni. Kuhusu baba ya binti hakusema, wala sikuuliza.

Kazi yetu iligawanyika hivi. Yeye alienda uwanjani na mashine ya kupimia, akarudi na pointi. Mimi nikazigeuza kuwa ramani. Kwa hivyo nilijua nchi yote kutoka Njoro hadi Subukia bila kuikanyaga. Hilo lilimchekesha sana.

"Unachora milima kila siku," aliniambia, "na hizi ngazi za ofisi unapanda ukipumzika."

Wapimaji wengine walileta pointi zenye nambari tupu, ukabaki kukisia kama ni mti au ni kona ya choo. Chelagat aliandika neno kando ya kila pointi. MTI. JIWE. UKINGO. Halafu kulikuwa na mengine ambayo hayakuwa ya kazi. Kwenye lango la mtu aliandika MBWA MKALI. Kwenye nyumba moja ya Subukia aliandika CHAI. Nilipaswa kuyafuta kabla ya kuchapisha. Badala yake niliyahamishia kwenye tabaka lake peke yake, nikalizima ili lisitokee kwenye karatasi. Mteja alipata ramani safi, nami nikabaki najua alikopewa chai.

Katikati ya mwaka huo ofisi ilipata kazi ya daraja la miguu huko juu ya Subukia, mahali ambapo mto umekata korongo jembamba lenye kina. Upande mmoja kulikuwa na shule na kituo cha kukusanyia maziwa, upande wa pili kulikuwa na mashamba. Watu walikuwa wakivukia gogo. Mvua iliyotangulia, mto ulikuwa umembeba mzee mmoja na mtungi wake wa maziwa, na mtungi tu ndio uliopatikana. Wafadhili fulani walikubali kujenga daraja la kuning'inia, na mhandisi wao alikuwa Nairobi. Upande wa magharibi waya zingefungwa moja kwa moja kwenye mwamba ulioinuka juu, kama orofa tatu au nne juu ya ukingo wa mashariki. Upande wa mashariki ungewekwa mnara wa chuma. Chelagat alitafuta pa kuusimamisha mnara huo akapata jiwe moja tu zuri, dogo, la kutosha msingi na si zaidi. Nyuma yake kulikuwa na udongo tepetepe unaotoa maji.

Mhandisi alitaka umbali wa mlalo kutoka mwambani hadi katikati ya mnara. Fundi angeupima huo na kuchimba. Nilikamata pointi mbili kwenye skrini, nikabofya, nikaandika nambari, nikampa Chelagat aiangalie kabla haijaenda.

Aliisoma akiwa amesimama. "Hii si yangu."

"Ni yako. Ni pointi zako mwenyewe."

"Pointi ni zangu, umbali si wangu. Huu umezidi ule niliouandika karibu mita mbili."

"Kompyuta haiongezi mita, Chela."

"Basi na mashine yangu haipunguzi." Alivuta kiti akaketi karibu yangu. "Hizo mita mbili zikiingia kwa mchoro, mnara unaenda kusimama kwa matope. Unajua hiyo?"

Sikujua. Kwangu lilikuwa tone jeusi kati ya matone mengine. Tulibishana kwa heshima mpaka Bwana Jaswant akatoka chumbani kwake, akaangalia skrini, akanigusa begani. "Igeuze uitazame kwa ubavu," alisema. Niligeuza mchoro, nikauona mstari wangu kwa mara ya kwanza ukiwa umepanda kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Hakuna aliyenicheka. Chelagat alisema tu, "Sasa unaona nilikopanda na mashine mgongoni."

Kwa nyinyi mliobaki kwenye zile skrini, mambo ni haya. Ukipima kati ya pointi zenye vimo tofauti, usichukue nambari ya kwanza unayopewa. Programu inakuandikia pia tofauti ya mashariki, tofauti ya kaskazini na tofauti ya kimo. Chukua zile mbili za mwanzo, zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Ya tatu iache. Au nakili pointi zote mbili, shusha nakala hadi kimo sifuri, upime hizo. Nakala, nimesema. Nimeona vijana wakilaza pointi za asili, halafu mtu wa mabomba anakuja kuuliza maji yatashukaje, na mlima wote umeshakuwa uwanja wa mpira.

Chelagat hakuridhika na mimi kuelewa kwenye skrini. Wiki iliyofuata alimwambia Bwana Jaswant ananihitaji uwanjani kushika nguzo yenye kioo, kwa kuwa mtu wake wa kawaida alikuwa amesafiri. Mpaka leo sijui kama kweli alikuwa amesafiri. Bwana Jaswant alituendesha kwa pikapu ya ofisi, akabaki nayo barabarani akila karanga.

Kwanza Chelagat alinifundisha kwenye mteremko wa kawaida, karibu na shamba la kahawa. Alinipa ncha moja ya futi ya kupimia, akashuka na ncha ya pili na timazi, ile kamba yenye uzito nchani.

"Vuta ikiwa chini hivyo, ukifuata nyasi," alisema. Nikavuta, akasoma. "Sasa mimi nainua mkono mpaka futi ilale, na timazi ishuke pale pale kwa kigingi." Akainua mkono juu ya kichwa chake, akasoma tena. Ilikuwa imepungua. Nilizisoma hesabu hizo shuleni na kuzifanyia mtihani, lakini siku hiyo ndiyo nilizielewa, kutoka kwenye mkono wa mtu ulioinuliwa.

Kisha tukaenda kwenye korongo. Yeye alibaki mashariki na mashine. Mimi nilizunguka kwa gogo, nikavuka nikiwa nimeshikilia roho, nikapanda mpaka kwenye mwamba na nguzo yangu. Sauti yake ilinifikia wazi kabisa kuvuka lile pengo.

"Isimamishe wima. Usitikisike."

"Sitikisiki."

Akainamia darubini ya mashine.

"Unatabasamu," akasema. "Nakuona vizuri sana kwa hii kitu."

Sikujua niangalie wapi. Mtu anayeangaliwa kwa darubini hana pa kuuficha uso. Niliangalia mbele, kwake, ambaye kwa umbali huo mimi nilimwona kama kofia tu na fulana ya rangi ya machungwa. Alichukua muda mrefu kuliko kipimo kimoja kinavyohitaji, na mimi sikumharakisha.

Kurudi Nakuru tulikaa watatu mbele kwenye pikapu, yeye katikati. Bwana Jaswant aliongea njia nzima juu ya bei ya saruji. Sikumbuki bei hata moja.

Baada ya hapo tulikula chakula cha mchana pamoja karibu kila siku aliyokuwa ofisini. Hakukuwa na zaidi ya hilo. Nasema hivyo kwa kuwa najua mtafikiria mengine. Tulikula githeri ya mahindi na maharagwe kwa mama mmoja nyuma ya soko, tukazungumza juu ya binti yake na watoto wangu, na juu ya mahali alipopima asubuhi. Nilikuwa nimepanga moyoni kwamba baada ya sikukuu nitamwomba aje Ndabibi amwone mama yangu. Kwetu hilo ni neno kubwa kuliko linavyosikika.

Kabla ya Krismasi mhandisi aliomba pointi za nyongeza kuzunguka lile jiwe la mashariki. Chelagat alizipima siku za mwisho, na kwa sababu sikukuu ilikuwa imekaribia, alienda moja kwa moja kwao, upande wa Mogotio, akiwa na mashine. Tuliagana kwa simu. Alisema ataziingiza kwenye kompyuta akirudi Januari.

Yaliyotokea baada ya uchaguzi wa mwisho wa mwaka ule, jirani alipomgeukia jirani kwa sababu ya kabila, mnayajua, na waliokuwepo Nakuru hawahitaji mimi kuwaeleza. Nitasema ya kwangu tu. Siku ambayo Rhonda iliwaka, nilitoka na begi moja na vyeti vya watoto, na niliporudi na askari, chumba changu kilikuwa kuta nne na mabati yaliyojikunja. Jirani yangu wa mlango wa pili, mtu wa kabila tofauti na langu, alipoteza chake kwa moto huo huo. Bwana Jaswant alinipa ufunguo wa ofisi. Nililala juu ya ile meza kubwa ya zamani ya kuchorea, ambayo hatukuwa tumeitupa kwa sababu hakuna mlango ambao ingepita. Mkewe alikuwa akituma chapati na dengu zikiwa zimefungwa kwa gazeti.

Siku moja asubuhi simu iliita.

"Uko wapi?" Alikuwa Chelagat, na hakusalimia.

"Ofisini."

"Watu wako?"

"Wako Ndabibi, wazima. Na wako?"

"Wazima. Binamu yangu amechomewa nyumba. Mwangi, umekula?"

Nilimwambia nimekula. Nilisimama dirishani muda mrefu baada ya kukata simu, nikiangalia maduka yaliyofungwa, na nilikuwa karibu kufurahi, jambo ambalo kwa siku zile lilikuwa la kuonea aibu.

Halafu mhandisi akapiga kutoka Nairobi. Wafadhili walikuwa wanaogopa. Kama mchoro kamili hautawafikia upesi, pesa za daraja zingepelekwa mahali penye utulivu, na hakuna aliyejua zingerudi lini. Mvua za Machi zilikuwa zinakuja, na gogo lilikuwa lile lile. Pointi za msingi wa mnara zilikuwa ndani ya mashine, mashine ilikuwa Mogotio, na barabara kati yetu ilikuwa imefungwa kwa mawe na magogo. Bwana Jaswant alikuna ndevu zake akasema, "Asome. Ana mdomo, wewe una masikio."

Kwa hivyo Chelagat alinisomea pointi kwa simu. Kredo ya simu ilikuwa ngumu kupatikana, maduka mengi yalikuwa yamefungwa. Bwana Jaswant aliitafuta kwa jamaa zake akatugawia. Chelagat alikaa mahali mtandao unaposhika, kwenye jiwe nyuma ya zizi, aliniambia, na mashine mapajani.

"Pointi ya kwanza. Jiwe, kona ya kaskazini. Mashariki: saba, nne, moja, nukta, tisa, sita."

"Saba, nne, moja, nukta, tisa, sita."

"Kaskazini..."

Tuliendelea hivyo. Yeye anasema, mimi narudia, yeye anathibitisha. Kati ya pointi na pointi kuliingia maneno mengine. Kwamba binti yake hajui shule itafunguliwa lini. Kwamba mama yangu amekataa kuondoka shambani. Kwamba huko kwao mvulana mmoja alirudi bila viatu na hataki kusema alikuwa wapi. Kisha: "Pointi inayofuata."

Kaka yake mkubwa hakupenda simu hizo. Jina langu halikuwa jina la kutamka hadharani pale kwao wakati ule, kama vile lake halikuwa la kutamka kwa sauti kwenye ngazi za ofisi yetu. Mara ya kwanza Chelagat aliponiita "Bwana Jaswant" nilidhani amekosea nambari. Kisha nikasikia sauti ya mwanamume karibu yake, nikaelewa. Tangu hapo, akisema "Ndiyo, Bwana Jaswant," nilijua hayuko peke yake, nikabana maneno yangu kwenye nambari. Akisema "Mwangi," nilijua zizi liko tupu.

Pointi hazikuwa nyingi. Zingeisha kwa siku moja. Lakini siku ya pili alipiga akasema, "Hebu turudie zile za jana, nisiwe nilikosea." Tukazirudia zote. Siku iliyofuata nikampigia mimi, nikasema nina wasiwasi na ile ya tatu. Sikuwa na wasiwasi wowote na ile ya tatu, na nadhani alijua. Aliisoma polepole, tarakimu moja moja, nami nikazirudia moja moja, na hakuna kati yetu aliyetaka kufika kwenye tarakimu ya mwisho.

Nilipima umbali kutoka mwambani hadi katikati ya mnara kwa njia zote mbili nilizowaeleza, na zote zilikubaliana na nambari aliyokuwa ameiandika yeye tangu mwanzo. Msingi ulikaa juu ya jiwe, na pande zote ukabaki ukingo mdogo. Mchoro ulienda Nairobi mikononi mwa mtu aliyekuwa akisafiri kwa msafara wa magari yanayosindikizwa na askari. Pesa hazikuhamishwa.

Chelagat alirudi Nakuru mara moja tu, barabara zilipokuwa zimetulia na watu wameanza tena kusalimiana sokoni. Alikuja kurudisha mashine. Hakuvua gambuti mlangoni, kwa sababu alikuwa amevaa viatu vya safari. Kaka yake alibaki chini kwenye gari, injini ikiwa inanguruma.

Bwana Jaswant alimwambia, "Nafasi yako iko. Meza yako iko."

"Asante, Bwana Jaswant," alisema, na safari hii alikuwa anamwambia yeye kweli. "Nimepata kazi Lodwar, ya visima. Nyumbani hawataki nirudi huku. Na mimi pia, leo nimepita sokoni nikamwangalia hata mama niliyekuwa nanunua mboga kwake, nikajiuliza alikuwa wapi ile wiki. Na yeye akaniangalia hivyo hivyo. Siwezi kuishi hivyo."

Bwana Jaswant akasema anaenda kuagiza chai, ingawa chai ilikuwa pale.

Nilimwonyesha mchoro kwenye skrini. Aliinama, akaweka kidole kwenye mwamba, akakipitisha mpaka kwenye mnara.

"Umbali ulitoka sawa?" aliuliza.

"Ulitoka sawa. Kama ulivyosema."

"Basi tumemaliza."

"Tumemaliza."

Honi ililia chini. Alisema, "Ukihitaji pointi, utanipigia." Nikasema nitapiga. Nilikuwa na maneno mengine, nilikuwa nimeyapanga tangu mwaka uliotangulia, lakini yalikuwa maneno ya nchi ile ya kabla ya sikukuu, na sikujua yangesikika vipi katika hii. Alishuka ngazi. Kutoka dirishani niliona gari likiingia barabara kuu, likageuka.

Tulipigiana mara kadhaa. Huko Lodwar mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Mara nyingine nilisikia upepo tu na sauti yake ikikatika katikati ya neno. Baadaye ikawa yule mwanamke aliyerekodiwa wa kampuni ya simu ndiye anayenijibu, kwamba mteja hapatikani. Nilimpigia yule mwanamke kwa muda mrefu.

Daraja lilijengwa kabla mwaka huo wa 2008 haujaisha. Bwana Jaswant alienda kwenye uzinduzi akaniletea picha. Alikuwa amenialika, nikasema nina kazi. Nilikuwa nayo, lakini sababu ilikuwa kwamba nilitaka kuliona nikiwa naye, na niliona nikilivuka peke yangu nitakuwa nimekubali jambo fulani. Miaka ikapita. Bwana Jaswant akahamia kwa wanawe ng'ambo, nyinyi mkaja mmoja mmoja, mkaniletea pointi zenu, na kila mara nilipoangalia vimo vyake, nilisikia zikisomwa polepole na sauti iliyoketi juu ya jiwe nyuma ya zizi. Mnisamehe kama wakati mwingine niliwafanya mzirudie.

Mwezi mmoja baada ya keki yenu nilipanda kwenda Subukia. Magoti yangu sasa yanajua tofauti ya mlalo na mteremko bila kompyuta. Nilifika ukingo wa mashariki kukiwa na jua la asubuhi. Mnara umeshika kutu kidogo chini, lakini umesimama wima, na jiwe halijapasuka. Niliketi hapo kupumzika. Mwanamke mmoja alikuja na mtungi mtupu wa maziwa, akasimama aliponiona nikiupapasa msingi.

"Wewe ni wa serikali, mzee?"

"Hapana. Mimi nilichora hili daraja. Zamani."

"Wewe ndiye ulichora?" Aliteremsha mtungi. "Mimi nilikuwa darasa la sita wakati linapimwa. Kulikuwa na mama mmoja na mashine ya miguu mitatu, tulikuwa tunatoroka shule tumwangalie."

"Chelagat."

"Sijui jina. Alikuja tena hapa, mwaka jana, wakati wa mahindi mabichi. Na msichana wake, sasa ni mtu mzima, daktari sijui nesi. Alivuka akaenda mpaka kule juu kwa mwamba, akakaa kitambo. Akirudi akaniuliza kama kuna mchoraji wa Nakuru amewahi kuja kuona daraja."

Nilimuuliza alimjibu nini.

"Nilimwambia huyo hatujawahi kumwona." Aliniangalia vizuri. "Ungekuja mapema, mzee."

"Alisema anakaa wapi siku hizi?"

"Hakusema. Lakini alisema atapita tena. Huyo msichana ameolewa huku juu, sijui nyumba gani."

Nilitoa simu yangu, nikamwomba anisaidie kuhifadhi nambari yangu kwenye simu yake. Alijifuta vidole kwa leso. Nilimsomea tarakimu moja moja, naye akazirudia moja moja.

"Niandike nani?"

"Andika Mwangi. Ukimwona, mwambie nimekuja."

Aliandika, akanionyesha ili nihakikishe, akainua mtungi wake kichwani. Akapita juu ya daraja kwa mwendo wa mtu aliyelizoea, bila kushika waya, mbao zikipanda na kushuka chini ya miguu yake mpaka akafika upande wa pili, akapotea kwenye mahindi. Nikangoja mpaka daraja lilipotulia. Kisha nikavuka.